Kuuza visanamu vya D&D hapa Dar: mwongozo kamili, usizike mtaji kwenye joka kama mimi

Kosa langu la kwanza kwenye hii biashara lilikuwa joka. Joka jekundu, mabawa wazi, limepakwa rangi tokea kiwandani, ukilikalisha mezani ni kama kuku aliyeatamia, nililiagiza kwa hela ambayo ningepata visanamu vidogo zaidi ya arobaini, nikaliweka kwenye kabati la vioo pale sebuleni nikajua sasa natoboa. Likakaa miezi nane. Kila anayekuja analishika, anapiga nalo picha, anasema "aisee kaka hii kali", afu anauliza una goblini, vile vizimwi vidogo? Sina. Skeletoni je? Sina. Nilikuwa na joka.

Kwahiyo kabla hujatuma hata mia kwa mtu soma hii yote, ni ndefu lakini mi ningempata wa kuniambia haya mapema ningekuwa mbali.

Mteja wako ni meza

Kwa ambaye hajui kabisa, D&D yaani Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, walioitunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, na mpaka leo ni uleule mchezo: watu wanne watano wamekaa mezani, mmoja anasimulia hadithi, huyo wanamwita DM, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu lenye pande 20 ndo linaamua upanga umempata zimwi au umekata upepo. Kisanamu kinaonyesha nani kasimama wapi. Ni kete tu kama kete ya drafti kijiweni, ila ni kete yenye sura, na mtu akishaipa jina hatoi tena mkononi.

Sasa piga hesabu ya meza moja. Wachezaji kila mmoja anahitaji shujaa mmoja, atakaa naye mwaka mzima au zaidi. DM anahitaji maadui, na maadui ni wengi: goblini kumi, skeletoni nane, mbwa mwitu wanne, majambazi sita, buibui wakubwa wawili. Joka linatokea siku ya mwisho, kama linatokea, maana meza nyingi zinavunjika kabla (mmoja kahamishiwa Dodoma, mwingine kaoa). Ukishaliona hilo stoo yako inajipanga yenyewe, na unaelewa kwamba humuuzii mpita njia, unaiuzia meza, na kwenye meza mwenye pochi ni DM.

Ndo maana nasema fremu ya Kariakoo sahau. Utalipa kodi ya miezi sita mkupuo, watu watapita mbele yako toka asubuhi mpaka jioni na kila mmoja atauliza hii midoli ya watoto shilingi ngapi.

Tengeneza meza kabla ya duka

Hii hatua watu wanairuka na ndo inawaua. Dar wachezaji wapo ila wametawanyika, kuna watu wa IT, wanafunzi wa vyuo, watu wa anime, wageni wa Masaki na Oysterbay waliokuja na mchezo toka kwao, na wengi hawajuani. Fungua grupu la WhatsApp, panga Jumamosi moja, tafuta mgahawa wenye meza kubwa na feni na mwongee kabisa na mwenye mgahawa kwamba mtakaa masaa manne na mtakula, usiende kimyakimya na soda moja moja utafukuzwa siku ya pili.

Sheria za mchezo zisikutishe. Januari 2023 Wizards of the Coast, ndo wenye D&D, waliuachia msingi wa sheria unaoitwa SRD 5.1 kwa leseni ya Creative Commons, maana yake unaruhusiwa kuutafsiri, kuuchapa, hata kuuuza, mradi uwataje wenyewe kama leseni inavyotaka. Mi nilikaa wiki mbili nikatoa karatasi mbili za Kiswahili, moja ya namna ya kurusha dadu na moja ya vita, na hizo karatasi zimeniletea wateja kuliko tangazo lolote nililolipia.

Meza yangu ya kwanza ilikuwa Sinza, watu watano, hadithi nikaiweka Kilwa ya zamani, jini kakalia kisima na mji mzima hauna maji. Niligawa visanamu vya kijivu visivyo na rangi, nikasema kila mtu achague kimoja mwisho wa mchezo mrudishe. Kikao cha tatu dada mmoja akaniuliza, "hivi hiki cha kwangu naweza kuondoka nacho?" Nikamtajia bei, akatoa simu hapohapo. Wengine wakafuata. Sikuwa nimetangaza chochote.

Ujue mzigo

Saizi kwanza maana hapa ndo wengi wanapigwa. Visanamu vya mchezo huu viko kwenye kipimo cha 28 mm au 32 mm, kwa macho ni kwamba mtu wa kawaida anakuwa kama sentimita tatu hivi. Ramani ya mchezo ina viboksi vya inchi 1, kila kiboksi ni futi 5 za kwenye hadithi, na kitako cha kisanamu cha mtu ni 25 mm ili kienee kwenye kiboksi. Zimwi kubwa linachukua viboksi viwili kwa viwili, kitako 50 mm, na yale makubwa zaidi 75 mm. Kuna midoli ya plastiki inauzwa rahisi kwa mafungu, dinosaria na askari, baadhi inafaa na mingine ni mikubwa mno, nenda na rula, sitanii.

Mzigo uko wa namna kadhaa. Kuna vilivyopakwa rangi kiwandani, kama vya WizKids wanaoviita Icons of the Realms, vinauzwa kwenye boksi lililofungwa, ndani vinne na hujui vipi. Kolekta, yaani mtu anayekusanya visanamu, anapenda hiyo bahati nasibu, DM anaichukia. Ukiyafungua mwenyewe ukauza kimoja kimoja, vile adimu vitaondoka bei nzuri kwa kolekta na vya kawaida vitabaki, lakini kumbuka meza inataka nini: vya kawaida hivyohivyo, maana ndo goblini. Halafu kuna visivyo na rangi, Nolzur's Marvelous Miniatures vinakuja vimeshapigwa praima (rangi ya msingi), na Bones za Reaper wa kule Texas ambazo plastiki yake unaipaka rangi moja kwa moja bila praima. Kuna vya chuma, vizito, vizuri kushika. Na kuna vya printa ya 3D, vya rezini, yaani plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga, ntavifikia. Warhammer ya Games Workshop ni ulimwengu mwingine, inakuja vipande vipande unagundisha mwenyewe, bei iko juu, na mteja wake mwingine kabisa, mi huko siingizi mtaji.

Jambo moja la lazima. Utaletewa picha na muuzaji wa nje, visanamu vya kampuni kubwa kwa robo bei. Hizo ni kopi, wamekimwagia silikoni cha orijino wakatoa molda. Achana nazo. Hapa kwetu Tume ya Ushindani, FCC, ndo inayoshughulika na bidhaa bandia na mzigo ukikamatwa unateketezwa, na hata usipokamatwa kolekta mmoja akigundua kwenye grupu umeisha.

Oda ya kwanza na hesabu ya kodi

Mi ningeanza leo ningechukua hivi: mashujaa 12 tofauti, nusu wanawake (wachezaji wa kike ni wengi kuliko unavyodhani na kila mara wanakuta mashujaa wa kike wamebaki wawili), maadui wadogo 40 wa aina nne tu, maadui wa kati sita, kikubwa kimoja. Pamoja na dadu, seti za vipande saba, hizo zinatoka kama karanga.

Kwenye bei usiangalie bei ya kwenye tovuti. Chukua pakiti ya visanamu viwili ya dola 5, dola tuifanye 2,600, ni 13,000. Sehemu yake ya usafiri tuseme 3,000, imekuwa 16,000. Kwenye mfano huu naweka ushuru wa forodha 25%, ni 4,000, tuko 20,000. VAT 18% inapigwa juu ya jumla hiyo, ni 3,600. Ongeza tozo ndogondogo na hela ya wakala, umefika kama 25,000 kwa kitu ulichoona ni 13,000. Mtu anayekuuzia ndoto hapa mjini hakuonyeshi hizo mistari. Muulize wakala akupe makadirio kabla hujalipia mzigo, na ankara iandikwe vizuri, vitu ni nini na bei halisi, ukidanganya ankara mzigo unaweza kushikiliwa na siku za kukaa bandarini au uwanja wa ndege zinalipiwa.

Kusanya oda. Meza tatu zikilipa nusu mapema unaleta boksi moja badala ya matatu na usafiri unagawanyika. Mara moja nilitumia msafirishaji mmoja, simtaji, boksi likafika limekaliwa na kitu kizito, nusu ya mapanga yamekatika na majibu yao yakawa "haikuwa na alama ya kuvunjika". Tangu siku hiyo namlipa muuzaji dola mbili tatu za ziada afunge vizuri na napiga picha boksi mbele ya anayenikabidhi, kabla sijasaini.

Printa, kama una uvumilivu

Printa ndogo ya rezini, Elegoo Mars au Anycubic Photon na jamii zake, inatoa visanamu safi kuliko mtu anavyotegemea. Kisanamu cha mtu pamoja na vishikizo vyake (vile vijiti vinavyokishikilia kikiprintiwa) kinakula kama gramu 8 hivi za rezini, kwahiyo kilo ikikufikia mlangoni kwa laki na nusu ni kama 1,200 kimoja. Usishangilie, ongeza vilivyoharibika, glavu, spiriti ya kuoshea, ile filamu ya chini ya tangi inayochakaa, skrini inayokufa, weka 3,000 ndo ukweli.

Siri yake ni hii: muda wa kuprinti unafuata urefu wa kitu, sio idadi. Goblini mmoja na goblini wanane wanachukua masaa yaleyale. Jaza sahani, lile bamba visanamu vinapojishikiza, kila mara. Na umeme ukikatika katikati, printa nyingi ndogo haziendelei pale zilipoishia, umepoteza sahani nzima, kwahiyo UPS ni lazima, ndogo tu inatosha maana printa yenyewe haili umeme mwingi.

Rezini mbichi ni sumu kwa ngozi, mtu anaweza kuishika mwaka mzima bila shida afu siku moja mwili unaikataa na hairudi nyuma. Glavu za nitrili, dirisha wazi, na sio kwenye chumba unacholala. Jua la Dar ni mtaji kwenye kukausha kisanamu kilichooshwa, weka juu ya bati au kibarazani dakika chache unageuza, usikisahau mpaka mchana kitapauka na kukakamaa kikatike kama biskuti. Jua hilohilo likiingia dirishani likaipata printa yako rezini inaganda ndani ya tangi. Maji au spiriti uliyooshea usimwage mtaroni, anika kwanza kwenye beseni masalia yagande, uyachuje uyatupe yakiwa magumu.

Mafaili ya kuprintia sio yako kuuza kwa sababu tu umeyapakua. Wachongaji wengi wa kidijitali wanatoa leseni ya mfanyabiashara kwa mwezi, kwenye Patreon au MyMiniFactory, unalipa unauza vilivyoprintiwa, ukiacha kulipa unaacha kuuza kama masharti yao yanavyosema. Faili la Hero Forge, ile tovuti ya kujitengenezea shujaa wako, ni la matumizi yako binafsi. Soma.

Rangi ndo faida ilipo

Kisanamu kitupu cha printa nauza 10,000. Kilekile kikiwa na rangi 30,000 mpaka 45,000, na meza inalipa, maana DM hana muda wa kupaka skeletoni nane. Hapa jifunze vizuri hata kama una mkono mgumu kama wangu.

Spreyi ya praima ipige asubuhi kavu. Masika, Machi mpaka Mei, hewa imejaa maji na praima inatua kama unga, sura yote ya kisanamu inakuwa na chunusi na hakuna kurudi. Miezi hiyo mi natumia praima ya brashi. Rangi za akriliki zimumunyishe kwa maji mpaka ziwe kama maziwa, pita mara mbili nyembamba, usipite moja nene.

Halafu ngozi. Wateja wangu wanataka shujaa anayefanana nao, na vya kiwandani vingi ni weupe, hapa ndo tunapowashinda. Kosa la kila anayeanza ni kuchukua nyeusi na kuichanganya na kahawia, inatoka kama mkaa uliomwagiwa maji. Anza na kahawia iliyokoza, tia tone la zambarau au nyekundu, paka uso wote. Ikikauka chukua kahawia ileile na rangi ya udongo wa manjano kidogo, gusa tu paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu, vifundo vya vidole. Mwisho alama moja nyepesi kabisa kwenye pua, ukubwa wa punje ya chumvi. Niliwahi kumpaka hivyo mchawi wa kike wa mteja mmoja wa Upanga, akakigeuza kwenye taa ya simu karibu dakika nzima hasemi kitu, afu akasema "huyu anafanana na shangazi yangu akiwa amekasirika". Alirudi na oda ya meza nzima.

Kitako usiache cheusi tupu. Mchanga wa ujenzi uchekeche kwa chujio la chai, gundi nyeupe, bandika, paka kahawia. Mchanga wa baharini una chumvi inayotoka nyeupe baadaye, uoshe kweli au uache. Na mafundi vinyago wa Mwenge wana vipande vya mpingo vinavyobaki, nimetengenezewa vitako vya duara vya mpingo kwa ajili ya zawadi, kolekta mgeni akikiona hicho haulizi punguzo.

Upanga wa plastiki ukifika umepinda usirudishe. Maji ya moto kwenye kikombe, chovya sekunde chache, nyoosha na kidole, tumbukiza kwenye maji ya barafu. Umekaa. Na kwa sababu hiyohiyo mwambie mteja asiache visanamu kwenye gari lililopaki juani Posta.

Makaratasi, kufikisha mzigo

TIN ya TRA, jina la biashara BRELA kwenye mtandao wao, leseni ya halmashauri unaomba kupitia mtandao wa Tausi. Unahitaji namba ya NIDA. Fanya mapema, forodha lazima watakuuliza TIN.

Malipo lipa namba. Ndani ya jiji boda, ila usimpe boda kisanamu kwenye mfuko wa rambo, trei la mayai lililokatwa na vipande vya sponji la godoro vinatosha, nawapa mafundi magodoro buku mbili wananijazia kiroba. Mikoani natuma kwa basi toka Mbezi, naandika KINAVUNJIKA pande zote nne na namtumia mteja picha ya risiti na namba ya basi. Mkopo usimpe mtu mmoja, mpe meza, wao kwa wao watadaiana.

Watoto chini ya miaka mitatu wasikaribie, vipande vidogo vinamezwa. Na ukinunua mtumba wa chuma wa miaka ya 70 au 80 toka kwa mgeni anayehama, jua vingi vya zamani hizo vina risasi ndani, usikwangue bila barakoa, nawa mikono, usiviweke kwa watoto.

Mitumba hiyo ya wageni usiidharau lakini. Kati ya 2003 na 2011 kulikuwa na visanamu vya D&D vya plastiki vya boksi la bahati, havitengenezwi tena, chini ya kitako kuna jina, namba na alama: duara ni cha kawaida, almasi cha kati, nyota ni adimu. Mgeni anahama mwezi wa sita anataka kuondoa mabegi yote kwa bei ya pamoja, we geuza vitako kwanza ndo utaje bei. Vya nyota tenga, piga picha, uza nje kwa kolekta. Vya duara peleka mezani.

Na lile joka? Bado ninalo. Siku moja DM mmoja wa Mikocheni alinipigia Ijumaa usiku, kampeni yake, yaani ile hadithi ndefu ya meza yake, inaisha kesho, hana hela ya kulinunua, anaweza kuliazima? Nikamwambia kuazima hapana, 20,000 wikiendi nzima na dhamana ya laki, ukilivunja tunakatana humo. Akalichukua. Sasa hivi lina foleni, meza zinaliwekea tarehe mwezi mmoja kabla, pembe ya kushoto ilikatika nikaigundisha kwa supagluu na nikatoa 10,000 kwenye dhamana ya watu, na limesharudisha hela yake mara mbili na kidogo. Nimeongeza zimwi la macho mengi na mnara wa kurushia dadu, vyote vya kukodisha, na kwenye kabati la vioo pale sebuleni zimejaa goblini.